Nilivyomshtaki Mtani wa Baba

Mzee Shomari hakuwahi kuitikia shikamoo yangu. Nikimwamkia njiani alisimama, akanitazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima wa Isevya, "Shikamoo ya mpagazi mimi naipeleka wapi? Kamwambie baba yako mzigo wangu wa pembe naungojea bado!" Watu walicheka. Mimi nilikwenda zangu nimenuna, nikifika nyumbani namwambia mama kwamba yule mzee hana adabu, na mama naye anacheka. Nilikua nikidhani mama yangu ni mtu asiyejua kwamba ametukanwa.

Naandika habari za mzee huyu kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia maisha yake ya Tabora. Wapo wanaoniambia nilikuwa mtoto, niache kujisumbua. Nilikuwa na miaka kumi na saba na akili zangu zote, kwa hiyo huruma hiyo naomba waipeleke kwingine.

Alikuwa Mzaramo wa Maneromango. Alikuja Tabora na kazi ya reli mwaka 1951, akiwa kijana mfupi mwenye matege na mdomo usiopumzika. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia pale stesheni, treni ya Mwanza ipite huku, ya Kigoma ipite kule. Siku yake ya kwanza aliingia karakana ya maseremala bila hodi, akauliza, "Nani Mnyamwezi humu?" Baba yangu, Damas Lugembe, akainua mkono. "Kumbe ni wewe! Babu yako alimtoroka babu yangu kule pwani. Simama twende." Baba akaweka randa chini, akamjibu kwamba babu yake hakutoroka, alichoka kungoja Mzaramo aamke. Tangu siku hiyo hawakuachana.

Huo ndio utani, na kwetu ulianza zamani, tangu misafara inatoka Unyanyembe kwenda pwani. Wapagazi wetu walipita katika nchi za Wagogo na Wazaramo, wakagombana nao, wakapatana, na wajukuu wakarithi mapatano hayo. Mtani anakutukana na huna ruhusa ya kukasirika. Anaingia kwako anachukua kuku, na huna ruhusa ya kumwita mwizi. Ukifiwa, ndiye anayekuja kushika kazi ambazo ndugu wanaolia hawaziwezi, na anazifanya kwa kejeli na vituko ili wafiwa wapate kupumua. Sharti lake ni moja tu: mtani hashtakiwi. Nami sharti hilo nililijua vizuri sana. Laiti ningekuwa silijui, leo ningekuwa na pa kujifichia.

Mzee Shomari alifanya utani kama wengine wanavyofanya ibada. Mama akianika michembe ya viazi, alikaa kando ya ungo akala nusu yake, huku akimwuliza mkewe, Mwanajuma, kama pwani vitu hivi wanalishwa mbuzi au punda. Kofia ya baba ya kwendea kanisani aliivaa yeye msikitini Ijumaa. Siku ya Uhuru, watu wote wamejipanga barabarani na bendera, alimshika baba mkono akamtangazia mtaa, "Leo Mwingereza ameniachia mimi, na mimi namwachia huyu. Damas, tua mzigo, uko huru!" Baba alicheka mpaka akakaa chini. Jioni alikwenda kwa Shomari akambebea mlango wa jikoni, akauweka kwetu wiki nzima, mpaka Mwanajuma alipokuja kuufuata huku akicheka na kulalamika kwamba mbwa wamemmalizia nyama.

Mimi sikucheka. Nilikuwa msichana wa kusoma. Mwaka 1972 nilikuwa kidato cha tatu, nina shati la kijani la Umoja wa Vijana na daftari la siasa lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Humo niliandika kwamba ukabila ni adui, kwamba hakuna tena Mnyamwezi wala Mzaramo, kuna Mtanzania. Maneno hayo niliyapenda, na hata sasa nayapenda. Lakini ukweli ni kwamba niliyapenda zaidi kwa sababu yalinisaidia kusahau kitu kimoja. Katika darasa letu walikuwapo mabinti wa makarani na wa waganga wa hospitali, nami sikutaka wajue kwamba babu wa baba yangu alikwenda Bagamoyo mara saba na pembe begani, na kwamba nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa la kujivunia.

Mwaka huo mtaa wetu ukafungua duka la ushirika, na baba akachaguliwa mwenyekiti wa kamati yake. Wakaja wageni kutoka wilayani, wakaja na wanafunzi wa shule yetu kuimba, nami nikiwa mstari wa mbele. Mgeni mmoja kijana, mwenye miwani, alimkabidhi baba ufunguo. Kabla baba hajafungua mdomo kushukuru, Mzee Shomari akasimama nyuma ya watu.

"Ndugu wageni, mnajua mnampa nani duka la nguo? Babu yake alitwishwa majora kumi Bagamoyo, akafika Tabora na tisa, la kumi amelivaa! Mkagueni mapaja huyo kabla hamjaondoka!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Wazee walipigana mabega. Baba alijibu kitu kuhusu Wazaramo na usingizi, kicheko kikazidi. Lakini yule mgeni wa miwani hakucheka, alimwegemea mwenzake akamnong'oneza. Na msichana mmoja wa darasa letu, binti wa karani, akanigeukia akaniuliza, "Kumbe kwenu walikuwa wapagazi?" Hakuuliza kwa ubaya, ila mimi niliona uso wangu umenishuka mbele ya dunia nzima. Nikaamua kwamba Mzee Shomari anamchukia baba yangu na amekuwa akimdhalilisha miaka ishirini kwa kisingizio cha utani, na kwamba baba, kwa upole wake, haoni.

Wiki ile baba alikwenda Sikonge kutafuta mbao za mninga. Nilikaa mezani, nikachukua karatasi ya mistari, nikaandika barua ya mashtaka kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Niliandika kwamba ndugu Shomari anaeneza ukabila hadharani, anamwita mwenyekiti wa duka mtumwa na mpagazi mbele ya viongozi, na kwamba huingia nyumbani kwetu bila ruhusa akachukua mali. Nikaorodhesha kuku watatu, kofia moja na chungu cha kunde. Mtumwa hakumwita kamwe, neno hilo niliongeza mwenyewe. Nikapeleka barua ofisi ya tawi la chama nimevaa shati la kijani.

Mwenyekiti wa tawi letu, Bwana Abasi, alikuwa mtu wa mjini, mshona kanzu, amekula chumvi nyingi. Alisoma barua mara mbili.

"Eustadia, mwanangu, huyu si mtani wa baba yako?"

"Shikamoo, Mwenyekiti. Utani ni kisingizio tu."

"Marahaba. Baba yako anajua?"

"Anajua," nikasema.

Mwenyekiti angeweza kuichana ile karatasi, na nilimwona akitamani kufanya hivyo. Lakini ilikuwa imeandikwa, ina jina na tarehe, nami nilikuwa nimesimama pale kama askari, na kwa jambo la ukabila miaka ile hakuna aliyetaka kusemwa kwamba amelifunika. Akasema litasikilizwa Jumamosi.

Jumamosi Mzee Shomari alikuja ametoka kazini, mikono ina grisi. Aliingia akicheka. Alidhani ni yule mgeni wa miwani aliyepeleka maneno, na alikuwa amejiandaa kumfundisha mambo ya watani. Bwana Abasi akamwuliza kama ni kweli alimwita ndugu Damas mpagazi.

"Namwita hivyo kila siku ya Mungu."

"Na kuku?"

"Watatu? Huyo aliyeandika hajui kuhesabu. Ni zaidi ya ishirini!"

Watu waliokuwa barazani walicheka. Ndipo akauliza, bado anatabasamu, "Kwani mshtaki wangu nani?" Bwana Abasi akageuza karatasi juu ya meza ili jina lionekane, na Mzee Shomari, aliyesoma polepole kwa kidole, akalifuata jina langu herufi kwa herufi. Kisha akainua macho akanitafuta, akanikuta nimekaa kwenye benchi la ukutani.

Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu isipokuwa siku ile. Hakukasirika. Ningemshukuru kama angekasirika, maana ningejiona mshindi. Alifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Kama nyumba ile ndiyo imesema, basi nimekosa. Naomba radhi. Kuku nitawarudisha." Bwana Abasi akaharakisha kusema kwamba hakuna haja, jambo limekwisha, watu wapeane mikono. Mzee Shomari akanijia, akanipa mkono wake, akasema, "Samahani, binti." Nikaupokea. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikimsimulia mama kabla sijavua viatu.

Mama yangu, Marcelina, alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini. Hakunipiga. Aliniambia habari ambayo sikuwa nimewahi kuambiwa sawasawa, ya mdogo wangu Silasi, aliyekufa kwa surua mwaka 1958 mimi nikiwa na miaka mitatu. Mama hakula siku mbili. Hakuzungumza, hakulia, wanawake walimzunguka wakiogopa. Siku ya tatu akaingia Shomari amevaa kanga za mama na kitambaa chake kichwani, akajitupa kwenye mkeka pembeni yake, akaanza kulia kwa sauti ya mama yenyewe, akilalamika kwamba amefiwa na hakuna anayempa uji, na kwamba Wanyamwezi ni wachoyo hata kwa wafiwa. Mama akamtazama. Akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio, akalia kwa mara ya kwanza, na alipomaliza kulia akanywa uji.

"Kaburi la mdogo wako alilichimba yeye," mama akasema. "Baba yako hakuweza kushika jembe. Na wewe umekwenda kumwandika mwizi."

Nilimjibu. Hilo nalo ni la kukiri. Nilimwambia mama kwamba wema wa siku moja haumpi mtu haki ya kutukana miaka yote. Niliona ni jibu la akili.

Baba alirudi kutoka Sikonge siku ya nne baada ya shauri lile, akayapata maneno njiani kabla hajafika mlangoni. Alinawa uso, akakamata jogoo mkubwa wa mama, akamfunga miguu, akatoka naye kwenda kwa Shomari huku akipaza sauti tangu mbali, kama kawaida yao, "Wewe mla nazi, toka nje nikuonyeshe kazi!" Mtaa mzima ulisikia. Nilimfuata kwa nyuma, nikasimama penye kona.

Alirudi baada ya muda mfupi, jogoo bado mkononi. Mama akamwuliza imekuwaje.

"Amenikaribisha kiti," baba akasema.

Mama akashika mdomo.

"Ameniamkia. Ameniuliza habari za safari. Mwanajuma akaleta chai kwenye kikombe cha wageni." Baba alimwachia jogoo, akakaa kwenye kizingiti. Ndipo aliponitazama. "Eustadia, umenivua nguo."

Maneno hayo tu. Siku zilizofuata alikwenda tena, akapewa kiti tena. Alijaribu kumtukana, akajibiwa kwa upole. Alimwiba shati kwenye kamba, na jioni Mwanajuma akaja kupiga hodi, akauliza kwa heshima kama kuna shati lililopeperushwa na upepo. Baada ya miezi miwili Mzee Shomari aliomba mwenyewe uhamisho, akapelekwa Kaliua, kule reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Alituaga vizuri. Mtaa ulijua sababu, na hakuna aliyeniambia kitu, ila nikipita mazungumzo yalikuwa yanakatika. Na mimi, taratibu, shati la kijani likaanza kunibana shingoni. Nilimwandikia barua mbili za kuomba msamaha. Alijibu zote, kwa mkono wa mtu mwingine, akisema kwamba hana kinyongo na anatuombea afya. Nilizisoma nikitafuta tusi hata moja, sikuliona.

Baba alifariki Machi 1975, ugonjwa wa kifua. Katika wiki yake ya mwisho aliniuliza mara mbili kama treni ya kutoka Kaliua imekwisha kuingia. Tulipeleka simu ya maandishi stesheni, na reli ikaifikisha siku ileile. Maziko tuliyasogeza ili Mzee Shomari awahi.

Alikuja. Alishuka na kanzu safi na mfuko mdogo, akavuka uwanja wetu uliojaa watu. Wazee walipomwona walinyamaza, wakajiweka sawa, wengine wakaanza kutabasamu kabla hajasema kitu, maana walikumbuka misiba ya zamani na vituko vyake. Mama alikuwa ndani, siku ya pili hajatia kitu kinywani. Aliposikia wakisema Shomari amefika, alijiinua, akageukia mlango. Nilimwona anavyongoja.

Mzee Shomari alisimama mlangoni. Akavua viatu. "Shemeji, pole sana," akasema. "Mungu akupe subira." Akainamisha kichwa, akarudi kukaa na wanaume.

Mama akalala tena, akageukia ukutani.

Kijana mmoja wa reli, Mgogo, alijitahidi kushika nafasi ile. Alivaa koti la baba, akatania kuhusu Wanyamwezi na asali, mambo ya jumla ambayo angeyasema kwa maiti yeyote. Hakumjua baba. Hakujua alivyokohoa kabla ya kusema uongo, wala alivyotembea na penseli sikioni hadi kanisani. Watu walicheka kwa adabu.

Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya Mzee Shomari, watu wote wanaona, nami sikujali tena nani anaona. "Baba, nakuomba. Ingia ndani umtukane mama. Nitukane mimi. Sema lolote."

Akanishika bega aninyanyue. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwanangu," akasema, "nilitoka Kaliua nimeyapanga. Njia nzima nimeyapanga, nikasema leo nitamwambia Damas hili na lile. Nimefika hapa hayatoki. Nikifungua mdomo naiona ile karatasi." Akatikisa kichwa. "Kaa na mama yako."

Kaburini alitupa udongo wake zamu yake ilipofika, akapisha wengine. Alasiri akaaga, akarudi na treni. Mama alikula siku ya nne, nadhani kwa kuchoka tu. Hakucheka katika msiba ule, na hakulia vizuri hata baada yake. Mpaka anakufa, alikuwa anamzungumzia baba kama mtu aliyekwenda Sikonge.

Mzee Shomari alifariki Kaliua mwaka 1984. Habari zilinifikia zimechelewa, nami nilikuwa mwalimu, nina watoto wawili. Niliwahi arobaini yake. Mtani wa marehemu ana kazi siku ile, na baba akiwa hayupo, mwenye kazi hiyo ni mimi. Njiani kote ndani ya treni nilijifunza maneno. Nilipofika kwenye uwanja wao nilijifunga kanga kiunoni, nikaingia nikipiga mayowe, "Yuko wapi Mzaramo wangu? Nani amempa ruhusa ya kufa bila kuniaga? Mtoeni nimtandike!"

Watu waligeuka wakanitazama. Hakuna aliyecheka. Mwanajuma alikuwa ameketi dirishani, amezeeka, na alipoitambua sauti yangu alitazama chini. Binti yao Zamda, aliyeondoka Isevya akiwa mtoto mdogo, akatoka jikoni akifuta mikono, akanijia haraka kama mtu anayemwahi mgonjwa asianguke.

"Karibu, dada. Wewe ni nani?"

"Eustadia wa Mzee Damas, wa Isevya. Ni mtani wa baba yako."

Alinishika mikono yote miwili, kwa upole kabisa, hana hila yoyote.

"Mzee Damas tunamjua, baba alikuwa akitusimulia habari zake mpaka anashindwa kumaliza kwa kucheka," akasema. "Lakini alituambia Mzee Damas hakuacha mtoto."

Kisha akanipokea mfuko, akanipeleka kwenye mkeka wa wageni waliotoka mbali, nami nikakaa.